Vizulia vya Bi Futi

Bi Futi hakuwahi kumwamini mtu, na sisemi hivyo kwa ubaya. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na saba, na anavyodai mwenyewe, hajawahi kupata mteja aliyemwambia ukweli kuhusu kiuno chake. Basi alipima. Futi ya kupimia ilikaa shingoni kwake tangu asubuhi mpaka anapozima taa, jina likatokea hapo, na ukipishana naye ngazini ulihisi macho yake yakikupima mabega. Ukimwambia leo kuna joto, anafungua dirisha kwanza ahakikishe.

Mimi na yeye tulitazamana mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Kila ghorofa ilikuwa na milango miwili, jumla sita. Mimi nafanya kazi kwenye duka la dobi. Sipokei nguo wala sipigi pasi. Kazi yangu ni madoa. Nakaa kwenye meza ya nyuma, naletewa doa, nalitazama, nalinusa, nasema ni kitu gani na litatolewa na nini. Kwa hiyo na mimi ni mtu wa kushuku, ila mimi nashuku nguo.

Mumewe tulimwita Mzee Gia, maana ameendesha malori maisha yake yote. Kiharusi kilimpata akiwa ananyoa ndevu. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukawa mzito, na maneno yakaanza kumtoka moja moja, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Daktari wa mazoezi alisema dawa yake ni ngazi: ashuke, apande, kila siku, la sivyo mguu ule utalala moja kwa moja. Mzee akakataa katakata. Miezi mitano alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akiangalia magari ya watu wengine. Bi Futi alimbembeleza, akamgombeza, akamnunia siku nne mfululizo. Wapi! Mzee hakunyanyuka.

Ndipo mtoto wao wa kiume, anayeishi mbali, akaja na katoni. Ndani mlikuwa na mbwa mdogo wa rangi ya chai, masikio yamemzidi kichwa. Akaitua, akala, akaondoka. Kesho yake Bi Futi akaniita.

"Jirani, hebu niambie wewe. Mtu anawaletea wazazi wake mbwa ghorofa ya tatu. Ana nia gani?"

"Labda ameona mko wapweke, mama."

"Wapweke! Anataka cherehani yangu. Nitateleza kwenye mkojo, nivunjike nyonga, yeye arithi."

Nilicheka. Yeye hakucheka hata kidogo.

Siku ya tatu ya yule mbwa nilikuwa kwao, nimenyoosha mikono napimwa koti la kazini. Mbwa akaja taratibu mpaka kwenye mguu wa cherehani, akazunguka mara mbili, akachuchumaa. Bi Futi akaiacha futi ikining'inia kifuani kwangu, akakamata ufagio na kuunyanyua. Tukasikia kiti kikikwaruza sakafu. Mzee Gia alikuwa amesimama. Kashika dirisha kwa mkono wa kushoto, mguu unamtetemeka, lakini amesimama.

"Acha," alisema. Neno zima, bila kulitafuta.

Ufagio ulibaki hewani. Bi Futi alimtazama mumewe, akamtazama mbwa, akautua chini polepole. Kesho yake Mzee alishuka ngazi zote na kupanda, mbwa mbele, yeye nyuma. Kwa kuwa mkono wake mzima ulishika reli, Bi Futi alimshonea kitanzi kwenye suruali, pembeni ya mkanda, kamba ya mbwa ifungwe hapo. Saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri, kila siku, ungewasikia: kucha za mbwa, kisha kiatu, kisha kiatu kinachoburuzwa. Na kila wiki kile kinachoburuzwa kilikuwa kinaburuzwa kwa uchache kuliko wiki iliyopita, namaanisha mguu ulikuwa unapona.

Bi Futi hakusema kwamba anampenda mbwa. Alimwita Pindo kwa sababu alikuwa anang'ata mapindo ya sketi za wateja. Ila alijua, na mimi nilijua, kwamba siku Pindo akiondoka, Mzee atarudi kwenye kiti, na safari hii hatanyanyuka tena.

Kumfundisha adabu ya nyumbani alikuchukua kama kazi ya ofisi. Alinunua daftari. Aliandika saa mbwa alipokunywa maji, saa alipokojoa, kiasi gani, kama alilia kwanza au alijifanyia tu. "Saa tatu na robo, kidogo. Saa nne na dakika ishirini, sana." Kila baada ya usingizi na kila baada ya chakula alimbeba mbio mpaka kona ya bafuni aliyomtandikia, akasimama juu yake kama msimamizi wa mtihani. Mbwa akifanya pale, anapewa kipande cha biskuti na kuitwa "mwanaume". Akifanya kwingine, hapewi kitu wala hasemeshwi. Baada ya siku kumi na mbili sakafu ilikuwa kavu. Aliwatangazia watu wote ngazini.

"Kwangu hakidondoki kitone. Njoo upapase."

Tatizo lilikuwa msimamizi wa jengo. Huyu tulimwita Bwana Notisi, kwa sababu hakuweza kukuambia habari za asubuhi bila kuzibandika ukutani. Alikuwa ameshabandika: MBWA ASIYE NA ADABU HARUHUSIWI KATIKA JENGO HILI. Bi Futi akaona awalainishe majirani mapema. Alikuwa na magunia mawili ya mabaki ya vitambaa, yale yanayobaki kwenye kukata sare za shule. Akakaa wiki nzima akashona vizulia vya mlangoni, vinene, vimepigwa mishono ya msalaba, kimoja kwa kila mlango. Vitano. Mlango wake mwenyewe ukabaki mtupu. Mimi niliuona huo utupu, na nikauweka akilini.

Wiki haikuisha, kizulia changu kikalowa. Asubuhi naenda kazini nakanyaga, soksi chepechepe. Nikanyamaza. Kesho yake tena. Nikagonga kwake, kwa heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kizulia changu kimelowa. Nadhani ni Pindo."

Aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani, na kurudi. "Pindo hakojoi ovyo. Njoo kwangu upapase. Mtu aliyekaa miezi miwili bila kukosea nyumbani kwake, atakosea kwako kwa sababu gani? Umekunywa maji leo asubuhi?"

"Nimekunywa."

"Ulimwaga?"

Nilirudi kwangu nimevimba. Nikakitoa kile kizulia, nikakifua, nikakiacha ndani. Basi unyevu ukahamia ghorofa ya pili. Watu wa pili wakalalamika, Bwana Notisi akabandika: IKITOKEA TENA KABLA YA JUMAMOSI YA WIKI IJAYO, MBWA ATAONDOKA. Na Bi Futi akapata ushahidi aliokuwa anautafuta.

"Unaona? Chake amekitoa, sasa anawamwagia wenzake." Hakuniambia mimi. Alimwambia mama wa ghorofa ya pili, kwa sauti ya kufika kwangu.

Nakiri nilikasirika mpaka nikarudisha kizulia mlangoni kwa makusudi, nikauweka mlango wangu wazi jioni nzima ili aone sina ndoo. Yeye akafanya la kwake. Alikwangua chaki ya fundi, ile ya bluu, akanyunyiza unga wake mbele ya milango yetu ili aone nyayo za mhalifu. Nilirudi kazini nimechoka, nikapita. Dakika ile ile mlango wake ukafunguka.

"Kiatu namba thelathini na tisa," alisema. "Cha kushoto kimeisha kisigino."

"Mama, mimi naishi hapa! Nipite wapi, dirishani?"

"Sijasema kitu. Nimesoma tu."

Tangu siku hiyo marahaba yake ikawa "'haba". Nikipita, pazia linatikisika. Nikiondoa taka, anatoka kuchungulia mfuko. Mimi nami nikaanza kuwachungulia. Na nilichokiona sikukipenda. Jumatatu ya ile wiki ya mwisho nilipishana na Mzee Gia akipanda, na mbele ya suruali yake palikuwa na alama ya maji, kubwa kama sahani. Aliniona nikiiona. Hakujificha. Alisimama, akaniacha niitazame, kisha akaendelea kupanda.

Nilijisikia vibaya sana. Nikajiambia, kumbe ni yeye, siyo mbwa. Mwili umemshinda, maskini, anajisaidia njiani. Na nikaapa sitamwambia mtu, hata kama Bi Futi atanipima nyayo mpaka nistaafu.

Alhamisi mchana niko kwenye meza yangu ya madoa, mwenzangu wa kaunta akaniambia kuna mama ananiulizia. Kutoka nyumbani mpaka dukani kwetu kuna madobi watatu, na Bi Futi alikuwa amewapita wote. Alisimama pale na futi yake shingoni, mfuko wa plastiki umefungwa mafundo mawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanisukumia mfuko. "Usiniulize ya nani."

"Siulizi."

Nikafungua. Suruali ya kahawia, yenye kitanzi pembeni ya mkanda. Bi Futi alisema akiwa ameangalia ukutani.

"Ya nne hii tangu Ijumaa. Nyumbani haimtokei. Akitoka na mbwa tu, anarudi hivi. Wewe unajua mambo haya. Niambie kama ni kile ninachofikiri. Na ukimwambia mtu, nitakukana."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Chaki, nyayo, pazia, ule mdomo wote: alikuwa ananishuku mimi ili asimshuku mumewe. Alijua watu wakianza kumtazama Mzee ngazini, Mzee hatatoka tena. Heri jirani awe mchawi wa ndoo. Hasira yangu ya wiki mbili ikayeyuka papo hapo, na ikaniudhi kuyeyuka haraka hivyo.

Nilitandika suruali chini ya taa. Nikaelekeza mvuke mahali penye alama. Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote: mkojo hata ukikauka mwezi mzima, ukipigwa mvuke unaamka, na huhitaji kusomea ili uujue. Nikasubiri. Nikainama. Hakuna.

"Ni maji," nilisema.

"Maji gani?"

"Ya bomba. Ona huu mstari mweupe pembeni. Ni chumvi ya maji ya jengo letu, ile ile inayoganda kwenye birika."

"Una hakika au unanifurahisha?"

"Mimi na wewe tulivyo sasa hivi, nikufurahishe kwa lipi? Nusa."

Akanusa. Hakuniamini, akanusa tena. Akachukua futi akapima ile alama, sijui kwa nini, nadhani mikono yake ilihitaji kazi. Kisha akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Ana chupa," alisema. "Ya dawa ya kikohozi. Iliisha, nikataka kuitupa, akanikatalia. Nikafikiri anafichia pombe. Nikainusa, maji. Nikafikiri labda pombe ameshaimaliza."

Kizulia changu nacho kilikuwa chini ya meza. Nilikuwa nimekibeba asubuhi ile ile, kimelowa, kwenda kukifua na mashine za watu. Nikakiweka mahali pa suruali, nikakipiga mvuke. Hatukuhitaji kuinama. Mwenzangu wa kaunta alifungua mlango wa nyuma bila kuombwa.

"Kwa hiyo kuna mwenye mkojo na kuna mwenye maji," Bi Futi alisema. "Ni watu wawili."

"Mzee anajua uko wapi?"

"Nimemwambia naenda kununua nyuzi."

Niliomba ruhusa. Saa kumi kasorobo tulikuwa tumesharudi, tumepanda kwa ncha za vidole, kizulia kimerudishwa mahali pake vile vile, na sisi ndani ya mlango wangu, watu wazima wawili tunapokezana tundu dogo la kuchungulia. Saa kumi kamili mlango wa kwao ukafunguka. Zamu ilikuwa ya macho yangu.

Pindo alitoka wa kwanza. Hakukurupuka wala kubweka. Alivuka moja kwa moja mpaka kwenye kizulia changu, akakinusa kwa makini, akapanda katikati, akazunguka mara mbili, akachuchumaa. Alipomaliza akamtazama Mzee usoni, mkia unapiga, anasubiri biskuti yake. Mzee alivuta kamba kwa kiuno, kiuno kikamgomea. Mkono mmoja umekufa, mwingine uko kwenye reli.

"Ni Pindo," nilinong'ona. "Anafanya kwa adabu kabisa. Kama yuko bafuni."

Bi Futi akanisukuma kwa bega, akaliweka jicho lake. Nilisubiri anitukane. Badala yake akaanza kunisimulia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ameachia reli. Ameegemea ukuta. Anatoa ile chupa. Anafungua kwa meno." "Anajimwagia. Suruali. Taratibu, hataki imdondokee mbwa."

"Anajimwagia kwa nini?"

"Notisi imesema mbwa ataondoka. Haijasema Mzee ataondoka."

Tulisikia kucha zikishuka, kisha kiatu, kisha kiatu. Hakuna hata kimoja kilichoburuzwa. Bi Futi hakutoka tunduni mpaka sauti ikaisha kabisa.

Tulipofungua, alichuchumaa mbele ya kizulia. Nikamuuliza lile ambalo ningeuliza tangu mwanzo kama tungekuwa tunasemeshana. "Bafuni ulimtandikia nini, mama? Magazeti?"

"Magazeti ya nini? Yanachafua miguu. Nina magunia mawili ya..."

Alishika ukingo wa kizulia, kitambaa cha sare, bluu ile ile, mshono wake mwenyewe. Mbwa alikuwa hajakosea hata siku moja. Alifundishwa kwamba vitambaa vya Bi Futi ndipo mahali pake, na kila akitoka anakuta fundi amemwekea mahali pake kwenye milango yote ya jengo, isipokuwa mlango wao tu.

"Nimemfundisha mimi," alisema. "Daftari ninalo." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Nilimshika bega. Ndiyo mara ya kwanza nilimgusa. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa anawashika watu mabega.

Jioni ile alimwendea Bwana Notisi mwenyewe. Mtu aliyekusanya ushahidi wa chaki dhidi yangu alisimama mlangoni kwa msimamizi akasema mbwa ni wake, kosa ni lake, na jirani wa dobi hana hatia. Bwana Notisi alizoea kubishana naye; kukubaliwa kulimchanganya. Akampa mpaka Jumamosi ile ile. Bi Futi akakusanya vizulia vyote vitano, akavitandaza uani nyuma ya tangi la maji, mbali na njia ya watu. Kesho yake ukuta ulikuwa na karatasi mpya: NI MARUFUKU KUWEKA VIZULIA NGAZINI. Jumamosi ikafika ngazi ni kavu kutoka juu mpaka chini, na Pindo akabaki.

Kwangu Bi Futi hakuomba radhi. Marahaba ndiyo ilirudi, ndefu, na pamoja nayo koti langu la kazini, limeisha kushonwa, na kisigino cha kiatu cha kushoto kimepelekwa kwa fundi viatu bila mimi kujua. Nilimuuliza kama amemwambia Mzee kwamba tulimwona.

"Nimwambie nini? Amenidanganya wiki nzima kwa kujitia aibu mwenyewe. Nikimwambia nimejua, nitakuwa nimemnyang'anya hata hilo."

Jumapili ile saa kumi nilikuwa nafagia mlangoni kwangu wakati wanatoka. Bi Futi alikuwa anamvalisha Mzee koti, upande uliokufa kwanza, kisha ule mzima, kama kila siku. Mzee alitoa ile chupa ya dawa, akaipeleka mfuko wa pembeni kama alivyozoea. Bi Futi akamshika kiganja, akakiongoza ndani ya koti, upande wa kulia. Pale palikuwa na mfuko mpya, mdogo, mwembamba, umeshonwa mshono maradufu. Chupa ikaingia na kukaa, haikucheza wala haikubana. Alikuwa ameipima.

Mzee Gia akapapasa mfuko ule. Akamtazama mkewe, kwa muda mrefu.

"Cha... nini?"

Bi Futi alikuwa anamfunga vifungo, haangalii juu.

"Maji ya mbwa," alisema. "Akiona kiu huko chini."

Mzee akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Bi Futi, akakiacha hapo kidogo, akashika reli, akashuka.